Gari Halitoki kwa Opondo Likiwa Nusu

Siku ya kwanza mume wangu alipoanza kazi kwenye mashine ya kuchaji magari ya umeme hapa Lodwar, alichomeka kebo, akaenda nyuma ya gari la watu, akalishika bampa akalitikisa. Akasikiliza kidogo. Akalitikisa tena. Mwenye gari, mama mmoja wa shirika la maji, akateremsha kioo na kumuuliza kuna shida gani. Opondo akamjibu kwa heshima zote kwamba hakuna shida, anauteremsha tu moto ukae vizuri, ili mwingine upate nafasi juu.

Nilikuwapo. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mpaka leo nikienda sokoni kununua nyanya kuna watu wananiuliza, Mama Awino, mzee bado anatikisa stima?

Cheka, lakini cheka ukijua. Huyu mtu ametia petroli miaka ishirini na minane. Kwenye pampu, tangi hukamata hewa, na ukilitikisa gari hewa hutoka, lita mbili zaidi zikaingia. Huko kwenu kwenye vituo vya mafuta kila kona, lita mbili ni kitu gani? Kwetu ni tofauti ya kulala nyumbani na kulala kichakani ukisikiliza fisi. Kila dereva mkongwe wa barabara hii hutikisa gari lake, na Opondo alikuwa bingwa wao. Alijaza mpaka mafuta yanaonekana shingoni mwa tangi kwa macho, akafuta kifuniko kwa kitambaa chake mwenyewe cha mfukoni, ndipo akamwambia mtu aende salama.

Mimi natoka Meru, yeye anatoka Ugenya, na hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa kwenye jua hili. Nililetwa na kazi ya kushona yunifomu za shule, nikasema ni ya mwaka mmoja. Nikamwona mtu anafuta kifuniko cha tangi la gari lisilo lake, kwa kitambaa chake, na hakuna bosi anayemtazama. Mwaka huo mmoja sasa umekuwa miaka ishirini na sita, tuna Awino ambaye ana watoto wake, na maswali mengine usiniulize.

Ila kuna jambo ambalo wale wa sokoni hawalijui. Miaka kumi na mmoja iliyopita mvua ilikata barabara ya Kitale, na lori la mafuta halikuja kwa siku nne. Tangi la chini pale kituoni lilibaki na mafuta ya kubahatisha, na foleni ina magari tisa. Opondo hakutaka wa kwanza ashibe na wa mwisho akose. Akagawa. Kila gari lita kumi, akawaambia zitawafikisha Lokichar, na huko yako mengine. Katika hao tisa alikuwemo Njenga, muuza kabeji na viazi, rafiki yake wa chai ya asubuhi. Kumbe Lokichar nako yalikuwa yamekwisha. Njenga akajipiga moyo konde asonge mbele, pikapu ikamzimikia kabla ya kufika Kalemng'orok, akashuka kutafuta maji kwa miguu. Wachungaji walimkuta kesho yake chini ya mgunga. Alikuwa ameshakufa.

Hakuna aliyemlaumu Opondo. Mjane wa Njenga mwenyewe alikuja nyumbani kwetu, akaketi, akasema hana neno naye. Lakini unaweza kumsamehe mtu na asiupokee huo msamaha. Tangu hapo mume wangu akajitungia sheria, na sheria yenyewe ni kwamba gari halitoki kwake likiwa nusu. Mafuta yakiwa kidogo, wa kwanza atajaziwa mpaka shingoni, na wa nyuma atangoja lori, awe chifu, awe padri. Walimtukana. Walimwita roho mbaya. Yeye alikuwa anajibu neno moja tu, kwamba aliyengoja hajafa.

Kituo kile baadaye kikauzwa, mwenye kukinunua akaja na vijana wake, na Opondo akaambiwa ahsante. Miezi minane alikaa nyumbani akinimaliza. Alikuwa akifungua na kufunga bomba la maji ambalo halina maji. Kwa hiyo nilipowaona watu wanachimba msingi kando ya lami, karibu na mashine ya posho, ile ya kusaga unga, na kusikia wanatafuta mtu mzima anayejua magari na watu, nilimvalisha shati la kanisani nikampeleka mwenyewe.

Walimfundisha kwa siku mbili. Nitasema kweli, binti aliyekuja kutoka Nairobi alimfundisha vizuri. Alimwambia betri inakula haraka ikiwa na njaa, na ikifika asilimia themanini inaanza kudonoadonoa, kwa hiyo kukiwa na foleni litoe gari hapo, mwingine aingie. Akampa na mfano wa mtungi, kwamba ukikaribia mdomoni unapunguza maji yasimwagike. Opondo akawa anaitikia kwa kichwa vile anavyoitikia mahubiri marefu. Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Yeye aliona mashine, akaona kebo, akaona gari, akaona barabara ileile. Sheria yake ikahamia kwenye stima bila kubadilishwa hata nukta. Kila aliyekuja alichajiwa mpaka mia.

Mwanzoni haikuwa na ubaya. Magari ya umeme ya kupita hapa yalikuwa matatu, manne kwa siku, na mashine ilikuwa na kebo mbili. Mwezi wa pili kebo moja ikaharibika, tukaambiwa spea iko njiani, na bado iko njiani. Mimi nikahamishia cherehani yangu pale, kwa sababu lile paa la mabati lina kivuli kipana na upepo wa mtoni unafika. Hivyo ndivyo nilivyojua nilichokijua. Nilikuwa napinda pindo za sketi za shule, na nikagundua kwamba gari likitoka ishirini kwenda themanini, napinda sketi tatu, kila moja kama robo saa. Likitoka themanini kwenda mia, napinda sketi tatu nyingine. Nilimwambia. Akaniambia nishone nguo zangu.

Sasa nikwambie habari za Achol, maana bila yeye haya yote yangekuwa porojo za mume na mke.

Achol ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anaishi kambini Kakuma na watoto wake watatu. Figo zake zote mbili zimekufa. Lazima damu yake isafishwe na mashine ya hospitali, na kwake yeye mashine hiyo iko hapa Lodwar, kilomita mia na ishirini kutoka anakolala. Zamani kanisa lao lilimleta kwa gari la dizeli, na kwa bei ya dizeli waliweza mara moja kwa wiki, na mara moja kwa wiki haimwachi mtu hai. Uso wake ulikuwa umevimba, hawezi kutembea hatua kumi. Halafu kanisa likapata gari dogo jeupe la umeme. Huko Kakuma wanalichaji polepole kwa sola iliyo juu ya paa la kanisa, linapata nguvu ya kuja. Nguvu ya kurudi inatoka kwa Opondo. Mashine yetu ilipofunguliwa, Achol akaanza kuja Jumanne na Ijumaa, na uso wake ukarudi.

Anayemleta anaitwa Kuol, kijana wa watu mrefu, mpole, aliyekulia kambini. Kiswahili chake kina Sheng kidogo na Kiarabu cha Juba kidogo, na kila neno lake la tatu ni mzee. Kila wiki alimwambia Opondo, mzee, mimi sabini inatosha. Na kila wiki Opondo alimjazia mia, kwa sababu muda ulikuwapo. Achol anaingia hospitalini saa mbili asubuhi, anatoka saa saba, na gari lilikuwa limeshaiva zamani.

Lakini kuna karatasi. Mkimbizi hatoki kambini hivihivi, anapewa kibali, na kibali chao kilikuwa cha kwenda na kurudi siku ileile, mwisho saa kumi na mbili jioni pale kwenye kizuizi cha polisi cha kuingilia kambini. Ukichelewa unaandika maelezo, faili lako linawekwa kando lisomwe, na mpaka lisomwe hupati kibali kingine. Linaweza kusomwa baada ya wiki, au mbili. Achol aliniambia hayo siku moja akiwa ameketi karibu na cherehani yangu. Akaniambia pia kuna mwanamke waliyekuwa wakilazwa vitanda vya jirani, ambaye alikosa kuja wiki moja. Ya pili hakuimaliza. Aliyasema bila machozi, akiwa amekishika hicho kibali kwenye mfuko wa plastiki kisilowe jasho.

Ijumaa ninayoisimulia ilianza vibaya tangu usiku wake. Walikuja wageni wa Nairobi, magari matatu ya umeme, wanakwenda Longech kulitazama ziwa na kulala huko. Walikuta mashine imefungwa, wakayapanga magari yao mstari, wakaenda lojini. Asubuhi Opondo akawasalimia, ejok, ejok, akawapa hotuba yake. Aliwaambia huku si Nairobi, hapa ukitoka toka umejaa, hakuna gari linaloondoka kwake nusu. Walimpenda. Walimpiga picha. Akachomeka gari la kwanza, halijala hata asilimia tano, stima ikapotea mji mzima.

Kuol alifika saa mbili, betri yake ina kumi na sita. Akampeleka Achol hospitalini, huko wana jenereta yao, akarudi akasimama wa nne kwenye foleni.

Stima ilirudi saa sita kamili. Tulijua kwa sababu mashine ya posho ilianza kulia na watu wakapiga makofi. Saa saba Achol akatoka, akaja polepole ameshikwa mkono na Kuol, maana baada ya kusafishwa damu mtu huwa kama nguo iliyokamuliwa. Nikamwekea kiti. Akatazama foleni, akaitazama saa ya simu yake. Gari la kwanza lilifika mia saa saba na nusu, Opondo akalitoa kwa adabu zake zote. Akaingiza la pili.

Hilo la pili lilikuwa la bwana mmoja anaitwa Cheruiyot, mtu wa miwani na kofia pana. La tatu lilikuwa la mama anaitwa Jepkoech, kiongozi wa ile safari, na lilikuwa limebaki na asilimia tisa. Nikapiga hesabu yangu ya sketi. Cheruiyot akijaziwa mia, itakuwa saa tisa. Jepkoech akijaziwa mia, itakuwa saa kumi na nusu na zaidi. Ndipo Kuol aanze. Na barabara ya Kakuma ni saa mbili kamili ukienda vizuri. Ili Achol afike kizuizini kabla ya saa kumi na mbili, lazima atoke Lodwar saa kumi kasorobo, isizidi.

Kuol alimwendea Opondo kwa unyenyekevu, akamweleza. Opondo akamwonea huruma, hilo nililiona, lakini akasema foleni ni foleni na gari ni mpaka lijae. Akasema atampigia simu padri wao Kakuma, awaombee wale wa kizuizini. Kuol akarudi kusimama jua likimpiga utosini, mikono nyuma.

Saa nane kamili gari la Cheruiyot likafika themanini. Namba kwenye kioo, ambazo zilikuwa zinakimbia, zikaanza kutembea. Nilipinda sketi nzima, zikaongezeka nne. Nikamtazama Achol, ameinamisha kichwa kwenye leso yake. Nikamtazama mume wangu anaifuta mashine vumbi. Hasira ikanipanda mpaka masikioni, na mimi si mtu wa kumeza hasira. Niliinuka na mkasi mkononi, nikamvuta kando, nikamwambia mambo ambayo kanisani hayasemwi. Nilimwambia mashine hii si pampu. Nikamwambia hawa watu wanakwenda ziwani kuoga, kilomita sitini, na anawajazia safari ya Eldoret. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Njenga nilimpa kumi," akasema.

Miaka kumi na mmoja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitamkia jina hilo mwenyewe. Hasira yangu yote ikakauka. Nilimshika mkono wa shati.

"Najua, Baba Awino. Lakini siku ile mafuta yalikuwa yamekwisha. Leo stima iko, ni wewe umeifungia. Leo mtu ataumia kwa sababu ya kujaza."

Aliigeukia mashine. Alisimama pale akitazama namba. Nilihesabu mwenyewe, alisimama mpaka ikapanda asilimia moja tu, na hiyo moja ilichukua muda wa mtu kunywa chai. Nafikiri hiyo moja ndiyo iliyomfundisha, si mimi wala yule binti wa Nairobi. Kisha akamwita Kuol, akamuuliza kufika Kakuma gari linakula ngapi.

Kuol akasema arobaini na tano, ubaridi ukiwa umewashwa kwa ajili ya mgonjwa. Opondo akamuuliza ana hakika gani. Kuol akasema ameenda na kurudi zaidi ya mara thelathini, na haijawahi kupita arobaini na saba, hata siku ya upepo wa mbele. Opondo akamuuliza tena. Na tena. Kuol akajibu vilevile mara tatu bila kuchoka.

Basi mume wangu akachukua ile kadi ya kazi, akaigusisha kwenye mashine, akalikatisha gari la Cheruiyot.

Cheruiyot alikuja mbio. Na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu alimuuliza Opondo si ni wewe mwenyewe asubuhi umetuambia hakuna gari linalotoka kwako nusu? Tumekaa hapa tangu alfajiri kwa neno lako. Watu wakasogea kusikiliza, wa posho, wa bodaboda, hata askari wa duka la hadwea. Nami nikajua kitakachofuata, maana ninamjua mwanamume wangu na kiburi chake cha kazi. Nikajua ataichomeka tena.

Opondo akavua kofia. Akasema mbele ya wote kwamba asubuhi aliwaambia kitu ambacho si kweli. Akasema alifundishwa na hakutaka kufundishika. Akamweleza Cheruiyot kwamba gari lake lina themanini na sita, linafika Longech na kurudi na kubakiza, na kwamba yule mama pale kwenye kiti akikaa hapa mpaka jioni, Jumanne hatapata kibali cha kuja kusafishwa damu. Hakupaza sauti. Cheruiyot alimtazama Achol kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaliondoa gari.

Jepkoech akaingia. Alikuwa amesikia yote. Alishuka, akaja akasimama karibu nami akitazama namba zinavyokimbia, akauliza mgonjwa anatakiwa kutoka saa ngapi. Nikamwambia. Namba ilipofika sitini, akamwambia Opondo atoe. Opondo akasema mama, themanini ni haki yako. Jepkoech akasema sitini inamtosha, na ikimwishia wenzake watamvuta kwa kamba, itakuwa hadithi ya safari. Nilikuwa nimeshamchukia huyo mama tangu asubuhi kwa ajili ya viatu vyake vyeupe. Nikamwomba msamaha kimoyomoyo.

Ilikuwa saa tisa kamili Kuol alipochomekwa. Hapo sasa ndipo palipokuwa na kazi. Betri yenye njaa, jua lile, mashine inapuliza hewa ya moto kama jiko, na sisi wote tumeikodolea macho. Ishirini. Thelathini na tano. Hamsini. Nilijaribu kushona nikajichoma kidole. Saa kumi kasorobo ilipogonga, kioo kilisema sabini na moja.

Kuol akasema tayari, mzee. Opondo akashika kebo. Hakuichomoa. Akasema labda dakika kumi zaidi. Ifike themanini hivi. Kuol akatazama saa, akashindwa kumpinga mtu mzima.

Achol akainuka mwenyewe kwenye kiti. Alikuja hatua kwa hatua mpaka kwenye gari, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Opondo, palepale kwenye kebo.

"Mzee, nitoe. Hiyo inanifikisha. Nikibaki hapa ndiyo nakufa."

Opondo akachomoa.

Waliondoka bila kupungiana mikono, hakukuwa na wakati. Sitaki kukusimulia saa mbili zilizofuata kwa urefu. Kati ya hapa na Kakuma kuna sehemu ndefu hazina mtandao, huwezi kumpigia mtu. Opondo hakuketi. Walikuja watu wawili kuchaji, akawahudumia huku anatazama barabara ambayo hata haionekani kwake zaidi ya ile kona ya daraja. Nilimletea chai, ikapoa. Nilimletea nyingine. Aliniuliza kama nadhani Kuol atazima ubaridi mlima ukitokea. Nikamwambia hakuna mlima. Akasema anajua hakuna mlima.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, simu ikalia. Aliiweka sauti ya nje nami nisikie. Kuol akasema wamepita kizuizini, kibali kimegongwa muhuri, mama yuko sawa. Opondo hakuuliza habari za muhuri.

"Imebaki ngapi?"

"Ishirini na sita, mzee."

"Rudia."

"Ishirini na sita."

Alikata simu, akaketi kwenye kiti cha cherehani yangu, juu ya sketi za watoto wa watu, na sikumfukuza. Alikaa hapo mpaka mashine ya posho ikafungwa. Tukaenda nyumbani kwa miguu, na njiani akaniuliza Jumanne ni tarehe ngapi.

Siku tatu hizo alikuwa mtu mgeni kwangu. Jumamosi alimtoa daktari mmoja kwenye themanini na mbili, daktari akalalamika, Opondo akamweleza habari ya mtungi neno kwa neno kama aliitunga yeye. Jumapili wale wa ziwani walirudi, wamebabuka pua, gari la Jepkoech lina kumi na moja na hakuvutwa na mtu. Opondo aliwapanga, huyu themanini, huyu themanini, na wote watatu wakapata na wakaondoka kabla ya chakula cha mchana. Lakini usiku alikuwa anageukageuka kitandani. Muhuri au si muhuri, alitaka kumwona mtu kwa macho. Aliniuliza mara mbili kama faili linaweza kusomwa vibaya hata ukifika mapema. Nikamwambia alale.

Jumanne aliniacha nyumbani nikiwa bado nafunga leso. Nilipofika kituoni nilimkuta amesimama kando ya lami, upande wa Kakuma, amevaa lile shati la kanisani. Mashine ilikuwa imeshafutwa. Magari mawili yalikuwa yanangoja na wenyewe wanapiga honi kidogo, naye hasikii.

Gari jeupe likatokea saa mbili kasoro dakika tano. Kwa kawaida linapita moja kwa moja kwenda hospitalini. Siku hiyo lilipunguza mwendo, likakata kona kuja kwetu, na mlango wa nyuma ukafunguka kabla halijasimama vizuri. Achol akashuka, ana kibali kipya kwenye mfuko wake wa plastiki. Akatembea mwenyewe, bila kushikwa. Akamshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee," akasema, "nilifika."

Opondo akaishikilia mikono hiyo. Kisha mtu ambaye sikumwona akilia kwenye mazishi ya Njenga, wala siku aliyofukuzwa kazi, alilia mchana kweupe kando ya lami ya Lodwar, watu wa posho wakitazama, na hakujificha uso.

"Umefika," akasema alipoweza. "Binti yangu, umefika."